Kituo cha mpox hapa Goma: naweka nyota 4, ya 5 ingojee mashini ya moyo

Jina ya kituo naacha, ju sitaki watu bakikimbie na mambo yao mingi ni mazuri. Mudogo wangu alilala mule na mpox, vipele mpaka ndani ya viganja, miye njo nilikuwa namuchunga.

Kitanda bure, dawa bure, chakula bure (fufu iko laini sana lakini inakulika). Klorini unaisikia tangu barabarani. Kilinifurahisha ni mama mumoja infirmie, kila asubuhi mbele ya kuangalia vipele anauliza: "Papa, kifua kinauma? Moyo unakimbia? Ukienda kuoga pumzi inakatika?" Alafu anamuinamisha shingo, anamuuliza leo ni siku gani. Mugonjwa wa pembeni akacheka, eti mpox iko ku ngozi, mama unatafuta nini ku kichwa? Akamujibu pole pole kama hii virusi mara moja moja inavimbisha nyama ya moyo, banaita miyokardite, ao ubongo, ansefalite, haionekane mingi lakini ikikushika inaweza kukuua. Docta naye akaongeza ya 2022 wakati mpox ilifika Ulaya na Marekani: Ureno kijana wa miaka 31 alishikwa na maumivu ya kifua, juma moja hivi kisha ugonjwa kuanza, akapona, na kule Marekani vijana wawili, ubongo na uti wa mugongo vikavimba mpaka miguu ikakosa nguvu. Kule kucheka kukaisha.

Sasa shida. Usiku moja mudogo moyo ukaanza kukimbia, na pale mashini ya kupima moyo haiko!! Docta akaandika karatasi, tukaenda ku kiliniki ingine, bakasikia tu neno mpox bakatuacha inje ku mulango mpaka kumekucha, kisha ile mashini ya nyaya na damu ya troponini (kipimo cha kuona kama moyo umeumia) yote tukalipa sisi wenyewe, dola cash. Shukuru Mungu moyo ulikuwa muzima, ilikuwa homa na kukosa maji mu mwili, bakamuweka serum ikatulia.

Wenye banalalamika eti kituo kinakatala kutoa vidonge vya tecovirimat (dawa ya kupiganisha virusi), mutulie kidogo. Bamejaribu hapa hapa Kongo, Tunda na Kole, na 2024 ikaonekana vidonda havikupona haraka kuliko kwa wale bamepewa vidonge vyenye havina dawa ndani. Ila wote balichungwa muzuri mu hopitali na bakafa 1.7% tu, wakati kawaida hapa kwetu ni 3.6% na kupita. Kwa hiyo ule mama wa maswali ya asubuhi bamuongezee mushahara.

Mukienda, mubebe sahani na kikombe yenu, na muombe hema ya juu, ya chini mvua ikinyesha maji inaingia mpaka chini ya vitanda.