Uchambuzi wa Only Yesterday: Wimbo Unaoanza Majina Yakipita

Karibuni tena, watazamaji wangu. Leo ninaichambua Only Yesterday, filamu ya uhuishaji ya mwaka 1991 iliyoongozwa na Isao Takahata wa studio ya Ghibli ya Japani, na kwa kuwa studio hiyo mnaifahamu, sitapoteza muda kuisifia michoro. Taeko, mfanyakazi wa ofisini mwenye umri wa miaka 27, anaondoka Tokyo mwaka 1982 kwenda kuchuma maua mashambani Yamagata, na safarini anaandamwa na yeye mwenyewe alipokuwa darasa la tano, mwaka 1966. Nilichowaitia ni muziki.

Tazameni pale Toshio, kijana wa huko mashambani, anapompokea Taeko kituoni kabla ya mapambazuko. Ndani ya kigari chake kidogo kuna muziki wa fidla zinazokwenda mbio, na Taeko anapouliza ni wa nani, anajibiwa kuwa ni Muzsikás, kundi la Hungaria. Toshio anaupenda kwa sababu ni muziki wa wakulima, naye ni mkulima. Mwongozaji mwingine angetuwekea nyimbo za kijijini Yamagata na mambo yangeishia hapo. Takahata anatuwekea muziki ambao hakuna hata mmoja kati ya hao wawili aliyekua nao, na bado unatutia hamu ya kwetu. Baadaye, jua likichomoza juu ya maua yale yenye miiba, zinaingia sauti za wanawake wa Bulgaria, nami hapo huongeza sauti hadi ukutani kunagongwa. Kumbukeni kwamba Taeko ni mzaliwa wa mjini, na utotoni aliwaonea wivu wenzake waliokuwa na kijiji cha kwenda likizoni. Kijiji anachokipenda ni cha kuazima, na muziki wake pia ni wa kuazima.

Filamu nyingi za aina hii hutumia okestra kukuamuru ulie. Hata hii inateleza mara moja, Taeko mdogo anapopaa angani kwa furaha ya mapenzi ya kitoto. Hapo sukari imezidi.

Nilitaka kuulaumu vilevile wimbo wa mwisho, The Rose, ule uliovuma Marekani kwa sauti ya Bette Midler, ambao hapa unaimbwa na Harumi Miyako kwa maneno ya Kijapani yaliyoandikwa na Takahata mwenyewe. Nimeurudia jana usiku, na lawama imenishinda. Wimbo unaanza majina ya watengenezaji yakipita, Taeko akiwa ameketi kwenye treni ya kurudi Tokyo. Watoto wa darasa lake la zamani wanajitokeza katikati ya viti, wanamzonga, wanamvuta, naye anainuka, anashuka na kurudi Yamagata. Aliyezima televisheni majina yalipoanza hajui filamu iliishaje!

Mkiinunua, chagueni toleo lenye sauti za Kijapani, hata likiwa ghali kidogo, kwa sababu waigizaji wa sehemu za utu uzima walirekodiwa kwanza, ndipo nyuso zikachorwa kufuata vinywa vyao. Kisha isimamisheni picha gari la Toshio linapoondoka na Taeko ndani, muwaangalie wale watoto waliobaki kando ya njia, wakilitazama likienda.