Kozi ya onlaini ya kuandika insha za hoja: uzoefu wangu, palipo na faida na palipo na porojo

Nimemaliza kozi moja ya onlaini ya kuandika insha za hoja, zile za kumshawishi msomaji akubaliane na wewe, na kwa vile kuna watu wananiuliza kama inafaa kulipia nimeona niandike yote hapa. Jina la kozi naliacha, kozi za aina hii zimejaa na zinafanana kama nini, nitakayosema unaweza kuyatumia kupimia yoyote ile. Kifupi kabla sijarefusha: kuna sehemu mbili tatu humo ndani zimebadilisha kabisa ninavyoandika, halafu kuna sehemu zingine hata sielewi kwanini watu wazima walikaa chini wakaziandaa.

Nianze na kinachokera tukimalize. Moduli ya kwanza yote ni violezo. Unapewa fremu ya aya tano, utangulizi, hoja tatu, hitimisho, unajaza mapengo basi. Fremu yenyewe kwa mtu wa mtihani ambaye saa inamkimbiza haina ubaya, inakusaidia usiduwae mbele ya karatasi tupu. Ila kwanini hoja ziwe tatu? Kama una hoja mbili nzito na ya tatu umeiokota tu ili fremu ijae, basi hiyo ya kuokota ndo utashikwa nayo, maana mtu anayekupinga haanzi na hoja yako nzuri, anaanza na ile legelege akishaiangusha anajifanya ameangusha zote. Na fremu hiyo haina hata pa kumweka huyo anayekupinga, labda umbane kwenye sentensi moja huko mwishoni.

Utangulizi nao ni yale yale. Wanataka uanze na "sentensi ya kunasa" na mifano yao ni "tangu dunia iumbwe binadamu amekuwa..." au methali au "je umewahi kujiuliza?" Jamani. Yule Mrumi wa kale Cicero, bingwa wa kuhutubia, alishaeleza kitambo kwamba utangulizi kazi yake ni kumweka msikilizaji sawa, akuone kwa jicho zuri, awe makini, awe tayari kuelewa. Sasa methali inayoweza kubandikwa juu ya insha yoyote ile inamweka nani sawa? Ukitaka msomaji awe makini mwonyeshe mapema kwamba kuna mgogoro wa kweli, kwamba watu wenye akili zao timamu wanabishana kuhusu hili jambo na wewe una upande.

Haya, sasa uhondo. Moduli ya dai kuu ndo imenifanya nisijute hela yangu. Wanakupa madai mabovu unayanyoosha, na ukipost jibu lako unarudishiwa maswali tu, hupewi majibu. Mfano wao mmoja ulikuwa "simu za mkononi zina faida na hasara kwa wanafunzi". Hilo sio dai, nani atabisha? Hakuna, na kama hakuna wa kubisha hakuna cha kumshawishi mtu, hiyo ni insha ya maelezo imevaa nguo za hoja. Ukisogea unapata "simu ni mbaya kwa wanafunzi", hapo angalau kuna upande ila mbaya kivipi, kwa nani, saa ngapi, na unataka nani afanye nini? Ukiendelea kukaba unafika kwenye kitu kama "shule za sekondari zizuie simu wakati wa vipindi lakini ziruhusu wakati wa mapumziko, kwa sababu kinachovunja umakini ni simu kuwa karibu na mkono mwanafunzi anapojaribu kusoma". Angalia hiyo ya mwisho ilivyo, ina mipaka, ina sababu ndani yake, na tayari imeshakuchorea ramani ya insha nzima, utahitaji aya ya kuonyesha umakini unavunjika vipi, aya ya kueleza kwanini mapumziko ni tofauti, na aya ya kuwajibu wanaotaka zipigwe marufuku kabisa pamoja na wanaotaka ziachwe kabisa. Yaani muundo haukutoka kwenye kiolezo, umetoka kwenye dai. Hili ndo somo kubwa la kozi nzima na ajabu wao wenyewe wameliweka katikati kama kitu cha kawaida tu, huku violezo wamevipeleka mbele.

Kinachofuata ni mfumo wa Stephen Toulmin, mwanafalsafa wa Uingereza aliyeutoa mwaka 1958. Nilishawahi kuusikia juu juu ila sikuwahi kuona ukitumika kwenye insha ya kawaida. Mzee huyu aliichambua hoja akapata vipande sita, dai, ushahidi, kiungo kinachounganisha ushahidi na dai, kitu cha kukiegemeza hicho kiungo, kiwango cha uhakika (yale maneno kama "mara nyingi" au "kwa kawaida"), na mazingira ambayo dai lako linaweza likakwama. Ukiisikia hivi unaona ni nadharia tupu, ila hicho kipande cha kiungo ndo dawa yenyewe. Tuseme umeandika "wanafunzi wenye simu mezani wanaandika noti chache, kwa hiyo simu zitolewe darasani". Dai lipo, ushahidi tuseme upo. Kiungo kiko wapi? Kimefichwa, nacho ni kwamba anayeandika noti chache anaelewa kidogo. Sasa msomaji wako anaweza akakubali kabisa noti zimepungua akakuuliza tu mbona kuna watu wanasikiliza bila kuandika na wanaelewa vizuri tu, na hapo hata ukimwongezea ushahidi wa noti mara kumi hujamjibu maana ugomvi wenu hauko kwenye ushahidi, uko kwenye kiungo. Aya nyingi mno za watu zinafia hapo. Unaona takwimu, takwimu, takwimu, halafu "hivyo basi", na hakuna aliyeeleza hivyo basi imetokea wapi.

Mfano waliotumia kwenye hii sehemu nimeupenda kuliko yote. Ignaz Semmelweis, daktari mzaliwa wa Hungaria aliyekuwa hospitali ya Vienna, mwaka 1847 aliagiza madaktari wanawe mikono kwa maji yenye klorini kabla ya kuwahudumia wajawazito. Aprili mwaka huo, kwenye kliniki yake, vifo vya kina mama vilikuwa zaidi ya asilimia 18, ikifika Juni vikawa kama asilimia 2. Ushahidi gani zaidi unautaka? Na bado madaktari wengi hawakumfuata. Kiungo hakikuwepo, elimu ya vijidudu ilikuwa bado haijakubalika kwa hiyo hakuwa na namna ya kueleza mikono michafu inaua vipi kwa njia ambayo wenzake wangeielewa. Pia alichelewa mno kuandika, kitabu chake kilitoka 1861, na alivyoona kinapingwa akaanza kuwaandikia maprofesa barua za wazi za hasira akiwaita wauaji. Alikuwa na haki, lakini mtu uliyemwita muuaji ukimwomba abadili msimamo unamwomba akubali kwanza kwamba ni muuaji, nani atafanya hivyo? Mwalimu wa video hakulisema hili la mwisho, ni mimi nimeongezea, ila naona ndo kiini cha habari nzima.

Hapo ndo inaingia moduli ya hoja pinzani. Hii wameitendea haki. Zoezi lake unaandika aya nzima ukiwa upande wa mpinzani wako kwa nguvu zako zote, halafu unampa mtu wa upande huo aisome aseme kama ndivyo anavyoamini kweli. Kama anasema "sisi hatusemi hivyo" basi umetengeneza sanamu ya majani ili uipige ngumi, rudi uandike upya. Linachosha hilo zoezi, natahadharisha. Lakini baada ya hapo kukanusha kunakuwa na mwelekeo, unajua kabisa hapa namkubalia, hapa namkatalia, na hapa tunatofautiana kwa sababu mimi nathamini kitu kimoja zaidi na yeye kingine. Wamemgusia na Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, ambaye mawazo yake ya kumsikiliza mtu mpaka ajione ameeleweka yalikuja kuzaa aina ya insha inayoanza na mpinzani na pale mnapokubaliana, ndipo unamsogeza taratibu kuelekea kwako. Kwa mada zinazochoma watu roho naona hii inafaa kuliko kuja na rungu. Kwa mada za kawaida utaonekana unazunguka tu, sema dai lako mapema mtu ajue anasoma nini.

Sehemu ya Aristotle, yule mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, wameiharibu. Unajua zile njia zake tatu za kumshawishi mtu, kuaminika kwa msemaji, hisia na mantiki, basi wao wanazifundisha kama viungo vya mchuzi, weka aya moja ya hisia hapa, tia uaminifu kidogo pale. Huyo huyo Aristotle alisema kuaminika kunatakiwa kutokane na maneno yenyewe unayosema na sio sifa ulizokuja nazo. Kwa hiyo sio aya ya kujitaja elimu yako, ni ile namna unavyomtendea mpinzani, unavyosema "mara nyingi" pale ambapo ni mara nyingi na sio "siku zote", unavyokiri ushahidi wako unaishia wapi. Inatapakaa insha nzima, haina aya yake.

Moduli ya makosa ya kimantiki ni orodha ndefu yenye majina ya Kilatini, unakariri unasahau. Ruka.

Sasa usahihishaji, maana hapa ndo hela inakwenda. Kuna vifurushi viwili, cha chini insha yako inasomwa na programu inakupa alama papo hapo, cha juu inasomwa na mtu. Nilianza na programu na baada ya muda nikaanza kuitilia shaka, inapenda mno viunganishi, ukitia "aidha" na "kwa upande mwingine" kila aya inafurahi. Nikaijaribu, nikachukua insha yangu nikavuruga mpangilio wa aya za katikati, ya mwisho mbele, ya mbele katikati, nikaituma tena, alama hazikusogea hata kidogo. Chombo kinachouzwa kama mpimaji wa muundo hakijui kama muundo umevurugwa! Basi hapo nikahamia kwa binadamu.

Binadamu anachelewa, nisidanganye, na maoni yake ni mafupi, ila mafupi ya maana. Pembeni ya aya anaandika "kivipi?" au "kwa hiyo iweje?" na hayo maneno mawili yamefanya kazi kuliko video zote. Kivipi maana yake kiungo hakipo, kwa hiyo iweje maana yake aya imesema jambo la kweli lakini halilisogezi dai. Ni yeye pia aliyenionyesha ile mbinu ya kutengeneza mpango kinyumenyume, yaani ukishamaliza rasimu unaandika kando ya kila aya sentensi moja ya inachosema, halafu unasoma sentensi hizo peke yake. Aya ikigoma kuingia kwenye sentensi moja ina mambo mawili, igawe. Sentensi mbili zikifanana, aya mojawapo iondoke. Na kama unaweza kuzichanganya sentensi bila kuharibu kitu, basi huna hoja inayotembea, una orodha.

Tulibishana naye kuhusu mpangilio. Yeye na kozi yao wanasema hoja yenye nguvu kuliko zote ianze. Mimi nafuata ule mpango wa wasemaji wa kale, anza na nzito, weka dhaifu katikati, malizia na nzito kuliko zote, kwa sababu msomaji anaondoka na cha mwisho. Yeye anasema msomaji wa onlaini hafiki mwisho. Hapo ana pointi kwa kweli, inategemea unamwandikia nani, kama ni msahihishaji wa chuo anayelipwa kumaliza kusoma basi nabaki na msimamo wangu.

Hitimisho wamelipitia haraka na ni sawa tu, halina mengi, usilete ushahidi mpya, usirudie utangulizi kwa maneno mengine, sema kinachofuata kama msomaji amekubali dai lako.

Kwa nani inafaa? Kama tayari unaandika sentensi zinazoeleweka ila unaambiwa insha zako "hazina mwelekeo", chukua. Kama bado unahangaika na lugha yenyewe hii haitakusaidia, hawagusi huko kabisa. Ukiingia anza moduli ya dai, nenda Toulmin, nenda hoja pinzani, na violezo uvifungue siku ya kukaribia mtihani tu. Kifurushi chukua cha juu cha mwezi mwezi, cha mwaka achana nacho, hakuna masomo ya kukujazia mwaka humo. Na ukimaliza kumbuka kuzima malipo ya kujirudia yenyewe, kitufe wamekizika ndani kabisa ya mipangilio chini ya ukurasa wa lugha, sijui nani aliona hapo ndo mahali pake.