Violezo vya Mifarishi ya Kale: Pembesita Safi, Rombasi za Kutiliwa Shaka

Kwa miezi mitatu nimeshona kwa seti ya violezo inayouzwa kwa wanaotaka kunakili mifarishi ya viraka ya karne ya 19, na sehemu ya pembesita peke yake inastahili bei yote. Karatasi zake ngumu zimekatwa sawasawa na hazikulegea hata nilipozitumia mara nne. Kitambaa hukunjwa juu ya karatasi na kupigwa bandi, kisha pembesita huunganishwa ukingo kwa ukingo kwa mshono mdogo wa mkono, ufundi uliokuwa umezoeleka Uingereza kabla ya jarida la Marekani la Godey's Lady's Book kuchapisha ruwaza hiyo mwaka 1835. Zamani karatasi zenyewe zilikuwa barua na magazeti makuukuu, na mfarishi usiomalizika mara nyingi bado unazo mgongoni, jambo linalowasaidia watafiti kukadiria umri wake.

Rombasi, yaani vipande vya pande nne zilizo sawa vilivyoinama kama almasi, ndizo zilizonichosha. Ruwaza ya michemraba hutaka rombasi tatu, moja ya rangi nyepesi, moja ya wastani na moja iliyokolea, ili jicho lidanganyike na kuona kisanduku; lakini kuna mahali ambapo ncha sita zenye pembe ya nyuzi (digrii) 60 hukutana na kutimiza mzunguko wa nyuzi 360. Violezo vya plastiki vya seti hii, nilipovipima, vilikaribia nyuzi 61, na kosa hilo dogo likizidishwa mara sita linaleta nyuzi 366 badala ya 360. Kitambaa kilifanya mawimbi badala ya kulala bapa, pasi isikiweze, nami nikafumua jioni nzima ya kazi na kujichorea rombasi nyingine kwa bikari.

Ruwaza ya kibanda cha magogo, yenye vipande virefu vinavyozunguka mraba wa kati, haikunipa taabu yoyote.

Kijitabu kinachofuatana na seti kimeandikwa vizuri, isipokuwa ukurasa unaodai kwamba ruwaza hizo zilikuwa ishara za siri za kuwaelekeza watumwa waliokuwa wakitoroka nchini Marekani. Dai hilo lilienea sana tangu mwaka 1999, na wanahistoria wa mifarishi wamelipinga kwa kuwa halina ushahidi wa wakati ule. Kabla ya kumwazima dada yangu kijitabu hicho, niliuzungushia ukurasa huo mstari wa penseli.