React, Vue au Svelte? Nimezipima kwa simu ya Mangi

Haya, karibuni tena. Leo sianzi na kompyuta, naanza na hii simu hapa mkononi. RAM yake gigabaiti 2, kioo kimepasuka pembeni, betri ni ya kubembeleza. Si yangu. Ni ya Mangi wa duka la pale mtaani kwetu, kaniazima wiki mbili nami nikamwachia yangu ya akiba. Nimeiazima kwa sababu nimechoka na zile video za kulinganisha fremuweki (vifaa vya kujengea programu za wavuti, kama hizi React, Vue na Svelte) ambapo jamaa anapima kila kitu kwenye laptop ya gigabaiti 16, halafu anakwambia zote ziko fasta tu, chagua unayoipenda. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ndugu yangu. Anayeubeba ni mteja, na mteja yuko na hii.

Nilichofanya ni hiki. Mangi ana daftari la madeni, lile la kaunta lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi. Nimelitengeneza kama programu ya wavuti mara tatu: moja kwa React, moja kwa Vue, moja kwa Svelte. Kazi ni ileile. Orodha ya wateja, kuongeza deni, kupunguza mtu akilipa, kutafuta jina, na juu kabisa jumla ya fedha zilizoko nje. Nikajaza wateja 500 wa kubuni ili kuona nani atahema.

Kwa wageni, niseme kwa nini tunahitaji fremuweki hata kidogo. Mama Rehema kalipa elfu mbili. Hiyo elfu mbili lazima ionekane sehemu tatu: kwenye mstari wake, kwenye jumla ya juu, na kwenye ile alama nyekundu ya wanaodaiwa zaidi. Enzi za jQuery, ile maktaba ya JavaScript (lugha inayoendesha kurasa za wavuti) aliyoitoa John Resig mwaka 2006, unakwenda mwenyewe kubadilisha sehemu moja moja. Ukisahau moja, jumla inasema hivi, mstari unasema vile, na Mangi anagombana na mteja kwa kosa lako. Fremuweki inakuondolea hilo. Unaieleza skrini iweje kwa data uliyonayo; data ikibadilika, skrini inafuata yenyewe. Basi. Mengine yote ni mbwembwe juu ya hilo.

Tuanze na React, maana najua ndiyo mliyoijia.

React ilitoka Facebook, ikafunguliwa kwa umma Mei 2013. Inavyofanya kazi, inatengeneza picha ya skrini ndani ya kumbukumbu, inailinganisha na picha iliyotangulia, inaona tofauti iko wapi, kisha inagusa pale tu palipobadilika. Wazo zuri sana. Ila sikiliza hapa: ili ijue tofauti, inabidi iendeshe upya komponenti (kipande cha skrini chenye msimbo wake) iliyobadilika na zote zilizo chini yake. Kwenye laptop huoni kitu. Kwenye simu ya Mangi, nilipoanza kuandika jina kwenye kisanduku cha kutafuta, herufi zilikuwa zinakuja nyuma ya kidole. Unaandika "Reh", inatokea "R", unasubiri, halafu zinamiminika zote kwa pamoja kama daladala zilizokuwa zimefungiwa na foleni.

Hilo si ugonjwa usiotibika. Nikatumia memo kuzuia mistari isiyohusika isichorwe upya, ikatulia. Na tangu Oktoba 2025 kuna React Compiler toleo la 1.0, inayokufanyia kazi hiyo bila wewe kuandika memo kila mahali. Lakini jiulize: anayeanza leo atajua kwamba kuna kitu cha kutibu? Kwake yeye kwenye laptop programu haina tatizo.

Halafu kuna uzito. React pamoja na react-dom, ile sehemu yake inayochora kwenye kivinjari, hata baada ya kubanwa, ni zaidi ya kilobaiti 40, na hujaandika mstari wako hata mmoja. Mtu atasema mbona picha moja ya bidhaa inazidi hapo. Kweli, ila si mzigo wa aina moja. Picha ikifika, simu inaionyesha, imemaliza. JavaScript ikifika inafunguliwa, inasomwa, inatafsiriwa, inaendeshwa, yote hayo na prosesa hii hii nyonge, na muda huo wote kitufe kiko kwenye kioo lakini hakibonyezeki. Mangi anabonyeza mara tatu, deni linaandikwa mara tatu. Msicheke, limetokea.

Sehemu nyingine ya React inayowatesa vijana ni useEffect, ile ya kuendesha kazi za pembeni baada ya skrini kuchorwa. Nami sijatoka salama. Niliiandika bila ile orodha ya mwisho ya vitu vya kufuatilia, na ndani yake nikaomba data kwa seva kisha nikabadilisha hali (data ambayo skrini inaifuata). Hali ikibadilika, komponenti inachorwa. Ikichorwa, useEffect inaita seva tena. Seva ikijibu, hali inabadilika. Nikaenda kunywa chai. Kurudi, bando limeisha. Kosa ni langu kabisa, ila ni kosa ambalo React inakuachia ulifanye kwa urahisi mno.

Na kitu kingine: React si fremuweki kamili, wenyewe wanaiita maktaba. Njia za kurasa unatafuta mwenyewe, fomu unatafuta mwenyewe, pa kuhifadhi hali ya pamoja unatafuta mwenyewe. Ni sawa na kununua injini, halafu bodi na matairi utajua mwenyewe Kariakoo. Ukifuata mafunzo ya zamani yanayoanza na Create React App, simama hapo hapo. Ile ilistaafishwa rasmi Februari 2025. Anza na Vite, kifaa cha kuanzishia na kujenga mradi, au Next.js, fremuweki iliyojengwa juu ya React, kama unataka kurasa ziandaliwe na seva.

Sasa mbona wengi wanaichagua? Kazi. Ukiangalia matangazo ya kazi za mbali, React imejaa. Na ukiijua, React Native ya kutengeneza programu za simu haikupi shida sana. Mtu akiniambia "kaka, nataka ajira mwaka huu", simpotezei muda na falsafa, namwambia kajifunze React. Tena kuna siri ndogo ya kuokoa simu za watu: Preact. Inaandikwa karibu sawa na React, lakini kiini chake ni kama kilobaiti 3. Kwa programu ndogo kama hii ya Mangi, unabadilisha mipangilio kidogo tu kwenye Vite, msimbo wako uleule unaendelea kufanya kazi, na simu inapumua.

Vue. Hapa nitawaudhi watu wa React kidogo.

Evan You aliitoa Februari 2014, baada ya kufanya kazi Google akitumia AngularJS, fremuweki ya Google yenyewe. Alichukua yaliyomfaa huko, akaacha mazito. Faili moja ya Vue ina vyumba vitatu: kiolezo cha HTML (muundo wa ukurasa), msimbo, na mitindo (CSS). Ukikabidhiwa mradi wa mtu, unafungua faili unajua jikoni wapi, sebuleni wapi. Kwa sisi tulioanzia upande wa seva, kwa lugha ya PHP na fremuweki yake ya Laravel, tuliizoea haraka, maana Laravel 5.3 ya mwaka 2016 ilikuja nayo ndani. HTML yake ni HTML kweli, siyo ile ya React ambayo umeandika class ukaambiwa sema className.

Kwenye simu ya Mangi, ile ya kutafuta jina ilikuwa laini bila mimi kuongeza kitu. Sababu ni kwamba Vue inafuatilia nani ametumia data ipi. Data fulani ikibadilika, inajua komponenti zipi zinahusika, nyingine inaziacha zilale. Ni kama mjumbe wa mtaa anayejua kila nyumba ina nani; akija na barua hagongi milango yote.

Mapungufu? Yapo. Kuna namna mbili za kuandika Vue: ile ya zamani ya Options na ile mpya ya Composition. Zote zinakubalika, kwa hiyo ukitafuta jibu mtandaoni unapata la namna usiyoitumia, unalibandika, halifanyi kazi, unachanganyikiwa. Ukitumia ref, ile ya kushikia data inayobadilika, ndani ya msimbo lazima useme .value, lakini kwenye kiolezo husemi. Nimekaa na Vue miaka na bado naisahau. Na waliobaki na Vue 2 wajue msaada wake uliisha tarehe 31 Desemba 2023. Usianze mradi mpya nayo hata kama kozi uliyolipia inaifundisha.

Svelte nayo ina raha yake. Rich Harris, aliyekuwa anafanya kazi kwenye vyumba vya habari, The Guardian kisha The New York Times, aliitoa mwaka 2016. Yeye alisema kwa nini tumtumie mteja fremuweki nzima? Tufanye kazi hiyo kabla, kwenye kompyuta ya fundi. Kwa hiyo Svelte inageuza msimbo wako kuwa JavaScript inayogusa skrini moja kwa moja, bila kutengeneza picha ya kulinganisha. Daftari la Mangi lilitoka dogo kuliko yote matatu, na lilikuwa la kwanza kukubali kidole baada ya kufunguka. Na kodi yenyewe (si ya TRA, hii ya kompyuta) ilikuwa fupi hadi nikadhani nimesahau kitu.

Ila msikimbie bado. Kila komponenti ya Svelte inakuja na msimbo wake, kwa hiyo kadiri programu inavyokua ile nafuu ya udogo inapungua. Pia Svelte 5, iliyotoka Oktoba 2024, ilileta utaratibu mpya wa kutaja data inayobadilika, $state na $derived, na mafunzo mengi ya huko nyuma yamekuwa historia. Na la mwisho, ambalo kwangu ndilo zito: ukiumwa leo, nani atashika kazi yako? Mafundi wa Svelte hapa ni wa kuhesabu.

Hili la mrithi nalisema kwa uchungu. Kuna chama kimoja cha kuweka na kukopa, sikitaji, waliniita niangalie mfumo wao. Ulikuwa AngularJS, ile ya kwanza ya mwaka 2010. Aliyeujenga ameshahama mji na namba yake haipatikani. Angular 2 ilipokuja Septemba 2016 iliandikwa upya, kwa hiyo huwezi tu kupandisha toleo ukaendelea. Na AngularJS msaada wake ukafungwa mwisho wa 2021. Wale wazee na kina mama walikuwa wanauliza swali dogo tu, fomu ya mkopo iongezwe kisanduku kimoja. Nilikaa siku nne kwa kisanduku kimoja.

Angular ya sasa si hiyo, tusiionee. Inakuja na kila kitu ndani, inatumia TypeScript (JavaScript yenye ukaguzi wa aina za data), inatoa toleo kubwa kila baada ya miezi sita, na kwenye timu ya watu ishirini ule ukali wake unasaidia kila mtu aandike kwa namna moja. Kwa Mangi, ni kuita lori kubeba gunia la mkaa. Ndiyo maana sikuijaribu.

Kabla sijasema nimechagua ipi, jambo ambalo watu hawapendi kulisikia. Kama unatengeneza tovuti ya shule, ya kanisa, ya msikiti, ya hoteli yenye kurasa tano na namba ya simu, huhitaji hata moja ya hizi. HTML na CSS, fomu ya kawaida, labda htmx, maktaba ndogo ya kutumia pale unapotaka sehemu ibadilike bila ukurasa kujipakia upya. Kuna mtu bado anafungua tovuti kwa Opera Mini iliyowekwa kwenye ubanaji mkubwa. Pale JavaScript inaendeshwa kwenye seva zao kwa muda mfupi tu, ukurasa ukikata roho hapo ndiyo basi. Tovuti inayosubiri JavaScript ndipo ionyeshe chochote, yeye huenda akaona ukurasa mweupe. Wewe unaona ubunifu.

Na ukitaka kupima, usinunue simu. Chrome ina sehemu ya kupunguza kasi ya prosesa, ipunguze mara sita, weka na mtandao wa 3G. Ila ukipata simu ya kweli, chomeka waya wa USB, fungua chrome://inspect, utaona kila kitu kinavyohangaika. Ile ya kuigiza haipati joto, wala haina WhatsApp iliyojaa video za vikundi vya harusi.

Haya, la Mangi nimempa Vue. Svelte ilikuwa nyepesi zaidi, nakiri, lakini tofauti kati yake na Vue yeye hakuiona. Nilimwekea zote mbili kaunta bila kumwambia, akasema ni ileile. Na Vue nina vijana wawili hapa jirani wanaoweza kuifungua nikiwa safarini. Ningekuwa najenga kitu changu mwenyewe, cha kukaa nacho mwenyewe, ningechukua Svelte leo hii.

Jana nimemrudishia simu yake. Akalifungua daftari, akaandika deni la mkate na sukari, akaangalia jumla, akatikisa kichwa kuridhika. Halafu akaniuliza: "Mtandao ukikata, madeni yangu yanabaki?"

Nikanyamaza. Wiki mbili nimelinganisha fremuweki na hilo sikuligusa. Hakuna kati ya zile tatu inayokupa hilo yenyewe. Inabidi uhifadhi data ndani ya simu kwa IndexedDB, hifadhi ya data iliyomo kwenye kivinjari, kisha uisawazishe na seva mtandao ukirudi. Ndiyo naiandika sasa hivi, nikimaliza nitawaonyesha. Kwa sasa Mangi anaandika kote kuwili, na ile kalamu bado imefungwa kwa uzi.