Shai Linne au Lecrae: njia mbili za Mkristo kwenye hip hop

Wote wawili ni marapa wa Marekani na wote wanamkiri Kristo bila kuficha. Wanachotofautiana ni nani wanamchania.

Shai Linne wa Philadelphia anachana kama mwalimu wa Biblia. Albamu yake The Atonement (2008) imejengwa juu ya kifo cha Yesu msalabani, na mwaka 2013 alitoa wimbo uliowataja kwa majina wahubiri wa injili ya mafanikio. (Huku kwetu angepata maadui wengi kabla ya Jumapili.) Ila asiyewahi kukanyaga kanisani atachoka mapema: mistari yake inataka mtu aliyekwisha kusoma Warumi.

Lecrae naye alitokea humohumo. Jina la kundi lake, 116, limetoka Warumi 1:16. Lakini akaenda sokoni, kwa wasikilizaji wasio wa kanisani. Albamu yake Anomaly (2014) ilishika namba moja kwenye Billboard 200, chati ya albamu ya Marekani, na humo anaungama hata aibu zake za zamani. Baadhi ya waumini wakamwona amepoa kiimani.

Nikitaka kufundishwa, namsikiliza Shai. Rafiki yangu asiye mlokole nimempa Lecrae, na bado anauliza maswali.