Taa za kupigia picha za mitindo: ipi ununue kwanza

Mpigapicha wa mitindo wa Dar es Salaam au Mombasa anaweza kushinda asubuhi studio mbele ya pazia la kijivu, na alasiri mteja huyohuyo akataka picha za ufukweni. Taa anayoinunua inapaswa kumfaa kote kuwili, na kwa kipimo hicho ndivyo nilivyozipanga hapa. Nimetaja zaidi Godox kwa sababu vifaa vyake vinaingiliana: triga moja (kifaa cha kuwashia flashi kwa redio kutoka kwenye kamera) inawasha flashi zote za mfumo wake, kubwa kwa ndogo. Taa ya kampuni nyingine yenye nguvu sawa itakupa mwanga unaokaribiana.

Kabla ya taa yoyote, nunua riflekta (kiakisi mwanga) ya kukunja ya sentimita 110 yenye nyuso tano. Wengi hukimbilia upande wa fedha, lakini kilicho bora ni kile kitambaa cheupe cha ndani kinachopitisha mwanga. Huku kwetu karibu na ikweta jua la saa sita husimama utosini na macho ya mwanamitindo huingia gizani. Msaidizi akikinga jua kwa kitambaa hicho, vivuli vyote vya uso hulainika papo hapo.

Ya kwanza: flashi ya betri ya wati-sekunde 200

AD200Pro ya Godox ndiyo ninayoipendekeza kwa yeyote atakayenunua taa moja tu (wati-sekunde ni kipimo cha nishati ya mwako mmoja). Inabebeka kwenye begi la kamera, betri yake hutoa miwako kama 500 ya nguvu kamili, na umeme ukikatika kazi haisimami.

Kinachoipa nafasi hii ni hesabu ya jua. Mchana mweupe, kwa ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) na kasi ya shata (pazia la kamera linaloingiza mwanga) ya sekunde 1/200, mandhari hukaa sawa kwenye f/11 hivi (f ni tundu la lenzi: namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo na mwanga mwingi zaidi unahitajika). Kwa hiyo flashi lazima ifikishe f/11 usoni. Weka softboksi (kisanduku cha kitambaa kinacholainisha mwanga wa taa) ya sentimita 60 hadi 90 umbali wa mita moja na wati-sekunde 200 zinafika hapo au karibu sana. Picha ya kuanzia kifuani kwenda juu umeshaipata. Ila ukirudisha taa hadi mita mbili ili gauni zima liingie, mwanga hushuka hadi robo na unabaki na f/5.6. Hapo mpeleke mwanamitindo kivulini, au subiri saa kumi na moja jioni jua lipungue makali. Jioni zetu ni fupi, kwa hiyo taa iwe imeshapimwa kabla.

Nunua pamoja nayo kishikio cha S2, maana bila hicho haishiki softboksi zenye kiungio cha aina ya Bowens, ambazo ndizo nyingi madukani.

Ya pili: flashi ndogo na mwavuli mweupe

TT600 hutumia betri nne za AA na ina kipokezi cha triga ndani. Kwa bei ya AD200Pro moja unaweza kupata TT600 nne hivi, na mbili zinatosha kuanzisha studio ya chumbani: moja kwenye mwavuli mbele, nyingine nyuma ya bega. Hiyo ya nyuma usiidharau. Nywele nyeusi mbele ya pazia jeusi humezwa kabisa usipozichora kwa mwanga wa pembeni.

Udhaifu wake ni jua kali, na kusubiri ijae baada ya kila mwako wa nguvu kamili. Mwanamitindo anayetembea atakupita.

Ya tatu: wati-sekunde 600

AD600Pro inakaribia kulifikia jua hata kwa picha ya mwili mzima, na inashika vifaa vya Bowens moja kwa moja. Nimeiweka ya tatu kwa sababu ya bei na uzito wake tu. Wanaopiga katalogi za nguo nje mchana waipandishe iwe ya kwanza.

Ya nne: LED

SL60W inamfaa anayepiga picha na video ndani, kwani unaona kivuli kinapoangukia kabla hujabonyeza. Nje mchana haifui dafu. Flashi humwaga nguvu yake yote kwa muda mfupi kuliko shata inavyofunguka, ndiyo maana unaweza kupunguza jua kwa kuongeza kasi ya shata hadi 1/200 na flashi isipungue. LED hupungua sambamba na jua. Tena SL60W hutaka umeme wa ukutani.

Ukichagua LED yoyote, tazama CRI (kipimo cha usahihi wa rangi chini ya taa, cha juu kabisa kikiwa 100). Chini ya 95 iache. Nyekundu ya kanga na zambarau ya kitenge hufifia, na mshonaji aliyekulipa atakuwa na haki ya kulalamika.

Ya mwisho: taa ya duara

Inafaa kwa vipodozi. Kwa mitindo, mwanga unaotoka pale pale palipo lenzi hufuta umbo la shavu na mikunjo ya kitambaa.

Pesa itakayobaki iende kwenye ukubwa wa kilainishi cha mwanga, kama softboksi. Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake kwa mng'ao: softboksi ya pembe nane ya sentimita 120 hutandaza mng'ao huo taratibu kwenye shavu, wakati taa ndogo tupu huacha doa jeupe la paji. Usiongeze nguvu ya taa ili kuing'arisha ngozi. Ongeza ukubwa, na sogeza taa karibu. Biuti dishi (sahani ya kuakisi inayofungwa kwenye taa) ni nzuri kwa uso wenye vipodozi vilivyokamilika, lakini inaweza kungoja.

Dukani, hakikisha triga ni ya aina ya kamera yako, kwani ya Canon na ya Sony si moja. Washa flashi mara kumi mfululizo kwa nguvu kamili, kisha linganisha picha ya kwanza na ya kumi. Ukienda ufukweni, nunua na mfuko wa mchanga wa stendi, kwa sababu upepo wa bahari huangusha softboksi kubwa bila taabu.