Valvu Ndogo za Amplifaya ya Gitaa: Nunua Mpya Kwanza, za Zamani Zisubiri

Valvu ni zile chupa za kioo ndani ya amplifaya zinazokuza sauti. Kabla hujatoa hela, hakikisha valvu ndogo ndiyo iliyokufa. Zinazochoka mapema ni zile kubwa za pawa: EL34, EL84, 6L6. Sauti ikififia au ikikosa nguvu, anza na hizo. Ndogo, yaani 12AX7 (Ulaya huandikwa ECC83, ni kitu kilekile), hukaa miaka. Ukisikia mikwaruzo kama bisi zinazokaangwa, au mluzi unaoingia kila ukipandisha volyumu, hapo ishuku.

Jinsi ya kuikamata: washa, weka volyumu nusu, kisha gonga kila valvu polepole kwa kitako cha penseli ya mbao. Nzima hutoa “tk” fupi. Mbovu hulia kama kengele kwenye spika na mlio unachelewa kuisha. Ile iliyo karibu na tundu la gitaa, V1, husikika zaidi ya wenzake hata ikiwa nzima, kwa sababu kelele yake inakuzwa na hatua zote zinazofuata.

Sasa ununuzi, kuanzia linalofaa zaidi.

1. Mpya ya kawaida. ECC83S ya JJ, kutoka Slovakia, au za kiwanda cha Saratov, Urusi, zinazouzwa kwa majina ya Electro-Harmonix, Sovtek na Tung-Sol. ECC83S ina sahani (vipande vya chuma) fupi ndani, haitetemeki ovyo, kwa hiyo ndiyo ya kombo, ambamo valvu na spika vinalala sanduku moja. Za sahani ndefu ziachie amplifaya inayokaa mbali na spika yake.

2. Mpya iliyopimwa na kuchaguliwa kwa ukimya. Ongeza hela hapa kwa V1 peke yake. Kwingine ni kupoteza.

3. Ya zamani iliyopimwa. Mullard ya Blackburn, Uingereza, au Telefunken ya Ujerumani. Ni nzuri kweli, lakini hela ya Telefunken moja ambayo haijawahi kutumika hununua seti nzima mpya na chenji ikabaki. Usiamini rangi ya maandishi kwenye kioo. Hufutika, na hupakwa upya na matapeli. Mullard halisi ya Blackburn ina msimbo uliochorwa kwenye kioo karibu na pini, mstari wa pili ukianza na B. Telefunken nyingi zina alama ya almasi kwenye kioo cha chini, katikati ya pini. Omba picha ya hapo, pamoja na matokeo ya vipimo vya pande zote mbili, maana ndani kuna valvu mbili.

4. Ya zamani isiyopimwa, hata ikiwa kwenye boksi lake. Boksi halipimi kitu. Doa la rangi ya fedha juu ya kioo likigeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia, imekwisha.

Jihadhari na 6N2P ya Kisovieti. Pini zake tisa zinaingia sawasawa na ukuzaji wake ni karibu 100 kama 12AX7, ila waya wa joto, ule unaoipasha valvu ifanye kazi, umefungwa tofauti: kwenye soketi ya kawaida haitawaka. Ukitaka sauti ya gitaa isichafuke mapema ukipandisha volyumu, badilisha V1 kwa 5751 (ukuzaji 70) au 12AY7 (karibu 44); hizo zinaingia bila kugusa waya.

Usitegemee kuzikuta soko la Mwanjelwa, hapa Mbeya. Utaagiza Dar au nje. Zikija kwa basi kutoka Dar, zaidi ya kilomita 800, kila moja ifungwe sponji yake ndani ya boksi gumu, na udai siku za kurudisha.

Umeme nao. Waya wa joto unataka volti 6.3, ukizidi au kupungua kwa asilimia 10 tu. Soketi ya ukuta ikisoma 253 badala ya 230, tayari uko ukingoni, kwenye 6.9. Pima jioni, saa ya mazoezi ya kwaya, siyo mchana; ikicheza hivyo, nunua stebulaiza kabla ya valvu yoyote ya zamani.

Kubadilisha: chomoa plagi, subiri dakika 10 ipoe. Kifuniko cha chuma kisukume chini huku ukikizungusha kinyume na saa. Ng’oa valvu wima, ukiizungusha kidogo kidogo kama jino la mtoto. Linganisha pengo la pini na la soketi ndipo usukume. Ukilazimisha upande, kioo hupasuka penye pini, na kesho yake utakuta lile doa jeupe.